Mrija wa Ini na Ushahidi wa Binti Yangu

Daktari wa mirija alilifunga faili langu, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Bibi, jopo limekaa. Kwa sasa hatutakuwekea mrija. Tunaogopa akili yako haitaustahimili."

Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Nilitaka aliseme tena huku akinitazama machoni.

"Akili yangu imefanya nini?"

"Bibi, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sasa nijibu."

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule miaka thelathini na minane, ingawa shule yenyewe niliishia darasa la nne. Ini langu limeliwa na virusi vya homa ya ini, na daktari anasema huenda nilikuwa navyo tangu utotoni. Limekauka, limekuwa gumu kama soli ya kiatu. Damu inayotoka matumboni ikifika pale inakuta mlango umefungwa, inarudi nyuma, inasukumana, maji yanavuja na tumbo linajaa. Kila baada ya siku kumi na mbili wananitoboa na kutoa lita saba, wakati mwingine nane. Siku tatu najiona mtu. Siku ya nne viatu vinakataa. Ikifika ya nane, tumbo linaisukuma meza ya cherehani na mikono haiifikii sindano. Halafu nikae kwenye foleni, mtu nisiyemjua ajisogeze kwenye benchi aniulize kwa huruma, "Bibi, ulikuwa unakunywa nini hasa?"

"Chai," huwa namjibu. "Na wewe, ulizaliwa hivyohivyo?"

Mrija ndio uliokuwa tumaini langu. Hawakupasui. Wanaingia na waya kwenye mshipa wa shingo, wanateremka nao mpaka ndani ya ini, wanaacha humo kimrija cha nyavu za chuma ili damu ipate njia ya mkato. Kovu lake shingoni ni dogo kuliko tundu la kifungo. Ubaya wake ni kwamba damu inayokata njia haichujwi na ini, na uchafu wake unaweza kupanda kichwani, mtu akachanganyikiwa. Kwa hiyo kwanza wanakupima. Mwezi mzima walinipima. Walipiga picha ya moyo, wakapiga ya ini, wakanitoa damu mpaka nikamuuliza muuguzi kama nyumbani kwake wanafuga kunguni.

Kichwa pia walikipima. "Nyoosha mikono mbele, bibi, kama unasimamisha gari." Nikanyoosha, haikutikisika. Leo ni siku gani? Nikataja, na tarehe nikaongeza. Wakanipa karatasi yenye viduara ishirini na vitano vilivyotawanywa ovyo, kila kimoja na namba yake, niviunge kwa mstari kuanzia moja, muuguzi ameikodolea macho saa. Nilimaliza kabla hajakaa sawasawa. Mtu aliyetunga uzi sindanoni miaka thelathini na minane atashindwa na viduara?

Ndiyo maana nilimwambia daktari, "Kama nimeanguka mtihani, nionyeshe swali nililokosa."

Akalifungua tena faili. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyozidi kunichoma. Akasoma polepole. "Ndugu anayemhudumia mgonjwa anaeleza kwamba mgonjwa humwita kwa jina la mtu mwingine. Imetokea mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Jina ni la marehemu."

Ndugu anayenihudumia ni mmoja tu, kifungua mimba wangu, binti yangu mkubwa. Naye alikuwa ameketi kiti cha pili, bega kwa bega na mimi, akichunguza zipu ya mkoba wake kama vile ameagizwa aitengeneze.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo hii nilikuwa nimeishona mwenyewe.

"Ulimwambia nani maneno hayo?" nilimuuliza.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna daktari. Sema hapahapa."

"Waliniuliza swali, mama, nikajibu. Waliniuliza, huwa anakuita kwa jina lisilo lako? Nikasema ndiyo. Nilidanganya?"

Niligeuka nikamkabili daktari, maana nilihisi nikiendelea kumtazama yule ningesema neno lisilorudi. "Daktari, jina lenyewe wamekuandikia?"

Akainama kwenye karatasi. "Bi... Nyundo."

Muuguzi aliyekuwa akipanga chupa pale pembeni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Bi Nyundo alikuwa mama mkwe wangu," nilisema. "Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa anakuamulia maisha yako, akishamaliza ndipo anakuja kukugongelea msumari kichwani. Aliwahi kumwazima jirani cherehani yangu, mimi nipo jikoni. Alipokufa nilimlilia kama inavyopasa, lakini jina lake nililiweka akiba. Mtoto wangu yeyote akimfanyia mwenzake jambo kwa mlango wa nyuma, namwita Bi Nyundo. Wote wanajua. Ninaye wa kiume mwenye ndevu hadi hapa, naye ameshaitwa. Kwetu jina hilo ni zaidi ya kofi. Sasa muulize huyu, hizo mara tatu alikuwa amefanya nini."

Daktari akamtazama binti yangu. "Dada?"

"Mara ya kwanza nilificha pasi yake, asijiunguze," alisema kwa sauti ya chini.

"Ya pili."

"Nilimfungia cherehani kwa kufuli."

"Ya tatu! Malizia, usione haya, ulipokuwa unashitaki hukuona haya."

"Niliwaambia wateja wake kwamba ameacha kazi."

Daktari alijikuna sikio. "Kwa hiyo ulijua kwamba hajachanganyikiwa? Ulijua anakutukana?"

Machozi yakaanza kumtoka, na machozi yake yakanizidishia hasira, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kulia.

"Yule mama wa wodini, wa kitanda cha dirishani," alisema hatimaye. "Mama, umemsahau? Aliwekewa mrija, tumbo likaisha, akapendeza. Wiki ya pili mwanawe akamkuta anaosha viatu ndani ya sufuria ya maziwa. Alimuuliza, wewe ni nani? Alimuuliza mwanawe wa kumzaa! Mimi nikae na wewe nyumba moja, uniulize mimi ni nani? Na mimi ndiye niliyesema fanyeni?"

"Kwa hiyo bora nife na lita nane tumboni, mradi nikifa nakujua jina."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema kwa daktari. Mimi ulinificha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, eti? Hebu ubebe huu wiki moja. Ulale umekaa, ushindwe kuvuta pumzi, ukitaka kufunga kiatu umwite mtu. Halafu uje unieleze ni kitu gani cha kuogopa."

Daktari alimwomba atoke nje kidogo. Mlango ulipofungwa nikadhani ataniomba radhi, na nilikuwa nimeshaandaa jinsi ya kuikataa radhi yenyewe. Badala yake alivuta kiti chake akakisogeza karibu na changu.

"Bibi, la jina limekwisha, nitalifuta mwenyewe. Lakini sasa nakuuliza wewe, mwanao akiwa nje. Haijawahi kutokea hata siku moja ukapotea? Hata saa moja?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukanyaga.

Siku hiyo ilikuwapo. Mwezi uliopita, asubuhi, niliifuata kazi yangu mezani nikakuta shati la mtoto. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshonewa kwenye shingo, pale pa ukosi. Mshono ulikuwa mzuri, umenyooka, umerudiwa mara mbili kama ninavyorudia siku zote. Hakuna mwingine anayegusa cherehani ile. Sikukumbuka kushona. Sikukumbuka jioni nzima. Nilichukua wembe nikafumua uzi mmoja mmoja, nikaweka mkono mahali pake, nikapiga pasi, mteja akaja akachukua akashukuru. Sikumwambia mtu. Na tangu siku ile kila aliyeniuliza "mama, unajisikiaje" nilimrukia kama paka.

Ningeweza kumwambia daktari hapana. Alikuwa ameshashika kalamu afute. Jopo lingekubali, na mrija ningeupata. Lakini sauti yangu mwenyewe ilikuwa bado inalia masikioni mwangu, jinsi nilivyomchana mtoto wa watu kwa kuwa alisema nusu ya ukweli. Ni mwanangu, lakini siku ile nilimchana kama mtoto wa watu. Nilijaribu kuitamka hapana, ikanishinda.

"Ipo," nilisema. Nikamweleza lile shati.

Hakushtuka, na hilo pia liliniudhi. Alianza kuuliza maswali ya ajabu. Siku zile nilikuwa nimekwenda haja kubwa lini? Nikamwambia hayo si ya kumuuliza mama mtu mzima. Akasema, "Bibi, hapa ndipo jibu lilipo." Nikahesabu. Siku nne sikuwa nimepata choo. Na kutobolewa? Nilikuwa nimetobolewa juzi yake. Dawa ile ya maji matamu ya kulainisha tumbo? Nilikuwa nimeiacha, kwa kuwa inanikimbiza chooni mara tatu, na fundi hawezi kushona huku anakimbia.

Akapiga meza kwa kiganja. Kumbe naye ana hasira, ila anazifungia kabatini. "Bibi! Dawa ile si ya tumbo, ni ya kichwa! Uchafu usipotoka kwa choo unapanda kwenye ubongo. Nani aliyekwambia uache?"

"Nilijiamulia mwenyewe."

Mara nilipolisema, nililisikia lilivyofanana na la Bi Nyundo. Muuguzi alinitazama, nikamtazama, naye kwa busara zake akarudi kwenye chupa zake.

Alimwita binti yangu ndani, akamweleza yote mbele yangu. Nilitegemea atalia tena. Alisimama katikati ya chumba, mkoba kifuani, akafura.

"Shati? Mkono kwenye shingo? Na ukakaa na mimi mezani asubuhi ileile, ukanikosoa uji?"

"Uji ulikuwa na madonge."

"Mama! Mimi nimekusingizia kuchanganyikiwa, nawe umechanganyikiwa ukaficha! Sasa nani mwongo humu?"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Wewe ndiye mgonjwa!"

Daktari aliinua mikono yote miwili, kama yeye sasa ndiye anayesimamisha gari. Akasema atalirudisha jambo letu kwenye jopo Jumanne. Mara moja, na chanzo chake kinajulikana, si sawa na mara tatu bila chanzo. Moyo wangu una nguvu, damu yangu si mbaya kwa ini kama lile. Wataweza kuweka mrija mwembamba zaidi, damu isikimbie yote. Lakini jopo halitakubali bila mtu wa nyumbani atakayetia saini kwamba atanipa ile dawa kila siku, atahesabu choo changu, na atanileta nikianza kupotea. Mtu anayenijua.

"Nina watoto watano," nilisema.

"Anayekaa na wewe ni nani?"

Tulikuwa watu wanne mle ndani na wote tulijua jibu. Binti yangu alichukua ile karatasi, akaisoma mpaka chini, akairudia, akaenda nayo dirishani akaisoma mara ya tatu. Nilidhani atairudisha. Alisema, "Akiniuliza mimi ni nani, nifanye nini?"

"Unamjibu," daktari alisema, "halafu unamleta hapa. Mara nyingi dawa inamrudisha. Ikishindikana, tunaweza kuubana mrija. Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea."

Akatia saini amesimama.

Jumanne mchana walipiga simu. Wamekubali. Nilale wodini Alhamisi, nisile tangu usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilikaa kitandani nimeshika simu iliyokwisha kukatwa, tumbo likiwa siku ya kumi, nikahesabu ni siku ngapi zilizobaki kabla ya kuweza kuinama.

Binti yangu alileta daftari, akavuta stuli. Bado tulikuwa tunazungumza kwa mambo ya lazima tu, dawa, choo na maji ya kuoga.

"Daktari anataka dalili ziandikwe," alisema. "Mimi dalili zako sizijui. Mtu mkali kila siku nitamjuaje amepotea? Nitajie mwenyewe."

"Andika. Nikilala mchana na usiku nikakesha."

"Ndiyo."

"Nikishindwa kutunga uzi sindanoni mara tatu mfululizo. Mara mbili ni macho, ya tatu ni kichwa."

"Ndiyo."

"Nikikusifia uji."

Kalamu ilisimama. "Naandika kweli?"

"Andika. Nikisema uji mzuri, na nikakuacha unipangie kazi zangu bila kusema neno, na nikawa mpole."

"Mpole siku nzima?"

"Siku nzima utakuwa umechelewa. Nikiwa mpole mpaka saa sita mchana, ita gari."

Aliandika yote, mstari kwa mstari, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo kama alipokuwa darasa la kwanza. Sikumsamehe. Nililichukua daftari nikamwonyesha kwamba herufi zake zimelala kama walevi, azinyooshe, maana zamu ya usiku hospitalini atakayezisoma hatujui ni nani. Akavuta pumzi ndefu, akachana ukurasa, akaanza upya.