Nuksi ya Sebuleni

Mume wangu ni mpima ardhi. Siku tano za juma anasimama juani na mashine yake ya miguu mitatu, anaamua ugomvi wa majirani wanaogombania futi moja ya mpaka, na hakubali neno la mtu mpaka alipime. Jumamosi timu yake ikicheza, akili hiyo anaivua mlangoni pamoja na viatu.

Miaka tisa iliyopita timu hiyo ilikuwa nyuma kwa mabao mawili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi, nikainuka kwenda jikoni kukata vitunguu. Kitunguu cha kwanza, goli. Cha pili, goli. Cha tatu kilikuwa kimeoza, nikakitupa, na mpira wetu ukagonga mwamba. Tangu siku hiyo ikapitishwa sheria, bila mimi kupiga kura, kwamba nikikaa sebuleni timu inafungwa, nikikata vitunguu inashinda. Mechi ikiingia muda wa nyongeza, juma zima nyumba inanuka vitunguu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Napata Jumamosi moja kwa mwezi ya kukaa nyumbani, na mara nyingi hiyo moja ndiyo yenye mechi. Tena mpira naujua. Chuoni nilicheza winga ya kushoto miaka mitatu, wakati mume wangu, ambaye rafiki zake wanamwita Kocha, mpira wa maana aliowahi kuupiga uliishia kwenye dirisha la mjomba wake. Lakini kwa miaka tisa mimi ndiye niliyeyasikia magoli kupitia ukutani. Iliniuma kuliko nilivyokuwa nasema.

Jumamosi hii ilikuwa nusu fainali. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nilifua, nikaoga, nikavaa gauni langu la nyumbani, na saa kumi kasoro robo nikaketi katikati ya kochi, miguu juu ya stuli. Nilishaamua kwamba leo natazama mechi nzima, ndani ya nyumba yangu, hata wakifungwa kumi.

Waumini wakaanza kuingia. Alitangulia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, dereva wa lori, mtu mzima mwenye watoto wanne, amevaa soksi mguu wa kushoto tu kwa sababu ya kulia haijawahi kuleta ushindi. Nyuma yake jirani yetu, mwalimu wa hesabu, na daftari lake kwapani. Waliponiona wakaganda mlangoni.

"Shemeji, vitunguu vimeisha?" akauliza shemeji.

"Vimejaa kikapuni."

Mume wangu akatoka chumbani na ile jezi ambayo haifuliwi mpaka msimu uishe. Nimesomea magonjwa ya kuambukiza, naijua jezi hiyo vizuri.

"Mama, mechi inaanza."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekaa."

Mwalimu akafungua daftari. "Samahani, mama. Si mimi ninayesema, ni takwimu. Mechi ishirini na nane ukiwa jikoni, tumeshinda kumi na tisa."

"Na nikiwa sebuleni?"

"Ni nusu ya mechi moja. Tulifungwa mbili."

"Mwanafunzi akikuletea hesabu ya namna hiyo, mwalimu, unampa ngapi?"

Akalifunga daftari taratibu. "Hayo ni mambo ya kazini," akasema.

Mpira ukaanza. Dakika ya sita tukafungwa. Beki alikuwa ameteleza peke yake, hakuna aliyemgusa, lakini hakuna aliyemlaumu. Wote watatu waligeuka kunitazama mimi.

"Kitunguu kimoja tu, mke wangu," mume wangu akaniomba. "Hata nusu."

"Sitoki."

Nikiri kwamba niliingiwa na hofu. Ukiambiwa una nuksi miaka tisa, hata kama una akili zako timamu unaanza kujishuku. Nikafumba macho ili nisione nyuso zao, na sijamaliza hata kuvuta pumzi, goli. Tulikuwa tumesawazisha. Nilisikia kelele zikianza, kisha zikakatwa ghafla.

"Nyamazeni, kalala," shemeji akanong'ona.

"Kalala kweli," akasema mume wangu. "Mwalimu, andika. Asiguswe."

Basi sheria ikabadilishwa palepale. Sauti ya televisheni ikapunguzwa. Mto ukawekwa chini ya miguu yangu kwa adabu ambayo sikuonyeshwa hata nilipojifungua. Wakati wa mapumziko mume wangu alikwenda mwenyewe kupika chai, nikamsikia akifungua kabati zote za jikoni akitafuta sukari. Ningecheka, lakini nilikuwa na hasira. Zamani nilinyimwa sebule, sasa nimepewa sebule nikanyimwa macho. Na bado niliogopa kuyafumbua, maana tukifungwa nitasimangwa mpaka wajukuu.

Dakika ya themanini na nane mtangazaji akasema tumepata penalti. Nikafumbua jicho moja, kisha la pili.

Hakuna aliyeniona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama kitu. Shemeji alikuwa ameelekea ukutani. Mwalimu alikuwa amejifunika uso na daftari. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, kichwa ndani ya mto. Mimi peke yangu nilimwona mpigaji akipiga hatua nne fupi, akaangalia kulia kumdanganya kipa, akauzungusha mguu na kuupeleka mpira chini kushoto. Kipa akaruka upande usiokuwa na kitu. Lilikuwa goli zuri sana, na machozi yalinitoka.

Wakaruka, wakakumbatiana, nami nikafumba macho tena kabla hawajanitazama. Filimbi ya mwisho ilipolia, mume wangu alinivuta hadi koridoni, akanishika mikono yote miwili.

"Asante kwa kulala, mke wangu. Jumamosi ijayo ni fainali. Omba ruhusa kazini, uje ulale."

"Sikulala. Penalti nimeiona kwa macho yangu mawili."

Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Sawa. Lakini wenzangu wasijue. Nakuomba."

Nikamwacha hapo hapo. Nikarudi sebuleni, ambako mwalimu na shemeji walikuwa wamesimama mbele ya televisheni wakisubiri marudio.

"Sogeeni kidogo," nikawaambia. "Nataka kuliona goli mara ya pili, na nyinyi mlione mara ya kwanza."