Mashati Yaliongezeka

Ulipita ukageuza shingo. Usiniambie ulikuwa na haraka. Mlango wa chumba cha watoto, pale nyuma ya karakana ya kushona, umetiwa kufuli jipya linalong'aa, nawe uliliona.

Mimi ni mkata vitambaa humo ndani. Shule sikufika mbali, ila nasoma, tena sisahau. Nakumbuka tulivyokipigania chumba kile, mabosi wakilalama kwamba vilio vya watoto vitaharibu kazi. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumlaza mwanawe humo. Alirudi kwenye cherehani anacheka peke yake.

Juzi juzi wakamleta mchumi. Kijana mpole, na hapo ndipo aliponivuruga. Angekuwa mkali ningejua pa kumshika. Akasema chumba kifungwe wiki moja kwa majaribio, naye anatabiri mashati hayatapungua.

Wifi akatukusanya chooni, sisi wanawake tu. "Jamani, wiki hii tushone kama tumepagawa. Wakiona tunavyojituma watatuhurumia, watafungua."

"Na mwanao?" nikamuuliza.

"Nimemfungia nyumbani. Jirani ana ufunguo."

"Jirani yupi, yule kiziwi?"

"Wifi, usinichanganye. Nishone au nilie?"

Akashona. Hakwenda kunywa maji, hakuinua uso. Wenzake vivyo hivyo. Ijumaa mashati yakazidi kuliko wiki zote, tukakaa kusubiri huruma.

Mchumi akasoma matokeo, uso umemchanua. Bila chumba kazi imepanda, kwa hiyo chumba hakina faida. Jumatatu kinageuzwa stoo ya vifungo.

Nikasimama. "Kijana, hawa walishona kwa hofu!"

"Hofu umeiona wapi, mama?"

"Si hii hapa, usoni kwa huyu!"

"Uso sina cha kuupimia. Mashati nimeyahesabu."

"Basi waulize wenyewe."

"Mtu ukimuuliza atakujibu linalomfaa. Shati halina sababu ya kudanganya."

"Haya, liulize shati nani anamshika mwanangu," wifi akasema. Watu wakaangua kicheko. Hata mchumi alicheka. Kisha tukatazamana, kicheko kimetukauka.

Akatueleza kwa upole kabisa. Zamani walikuwako wanafalsafa waliosema kisichoonekana wala kupimika ni maneno matupu, na wachumi wengi wakairithi kanuni hiyo. Ya moyoni mwetu si kazi yake. Hata akiyakisia vibaya si neno, mradi alichotabiri kimetokea. Na kimetokea.

Tangu hapo silali vizuri. Mashati yaliongezeka kweli, nimeyahesabu na mimi. Sasa tulishinda au tulijifunga wenyewe? Tungeshona polepole, angesema chumba kina faida, au angesema sisi wavivu? Kama amepatia, mbona mtoto wa wifi tulimkuta sauti imemkauka, kucha zimechubuka kwa kuparura mlango? Kama amekosea, kosa liko wapi? Nalishika hapa linaponyoka, nalishika kule linaponyoka. Wifi ananiuliza, "Wewe msoma vitabu, tulikosea nini?" Namwambia ngoja. Ninangoja nini? Hata mimi sijui. Kila nikiifuata hoja yake hatua kwa hatua naikuta imenyooka, na mwishoni mwake namkuta mtoto yule yule nyuma ya mlango.

Labda wewe una akili kunizidi. Nitafutie hilo kosa baadaye. Kesho ni Jumatatu, na maboksi ya vifungo yanafika kabla ya king'ora cha kazi. Wakishayapanga humo, hakuna atakayeyatoa. Nawajua mabosi hawa, nimewaona wakila chumba baada ya chumba. Kukaa kizingitini hakuhitaji falsafa. Njoo na mwanao; kama huna, mwazime wa dada yako. Kaa chini palepale mlangoni, usiinuke hata mchumi akikuamkia kwa adabu zake zote. Na usilale kwanza. Nenda sasa hivi ukamgongee jirani yako, mje wawili.