Kamati Iliyoafikiana kwa Kauli Moja

Miaka miwili, akiwa mchumi kwenye kamati ya serikali, Ristin alilinganisha njia tatu za kupunguza hewa ukaa: kodi kwa kila tani ya moshi, vibali vichache ambavyo viwanda vingeuziana, na ruzuku kwa kiwanda chochote kitakachoahidi, kwa hiari yake, kujirekebisha. Jibu halikuwa na utata. Kodi ilifanya kazi. Vibali navyo vilifaa, ilimradi serikali ivipunguze kila mwaka. Ahadi za hiari zilikuwa porojo tupu, na ndizo kamati ilizotaka kuzipendekeza.

Kwake hayakuwa mambo ya makaratasi. Mdogo wake, Ante, kama ukoo wao wote, alichunga kulungu wa kaskazini, wale wafugwao kwenye nchi za theluji. Majira ya baridi mawili mfululizo mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, wanyama wakafa wakiparura barafu, malisho yakiwa chini ya kwato zao.

Asubuhi ya kikao cha mwisho, jijini Stockholm, mchumi mwenzake Torbjörn alimfuata penye kahawa, andazi la mdalasini mkononi.

"Nitaanza kupinga mimi, wewe unifuate. Ukianza wewe, watasema umewaletea kilio cha kulungu wenu."

"Hutanigeuka?"

"Mimi tena? Niamini, bibie."

Akamwamini. Katika nchi ile mambo huamuliwa kwenye kahawa. Kikao ni cha kugonga nyundo tu. Tena kumdakia mtu maneno ni aibu kubwa kuliko kumdanganya.

Mwenyekiti, Solveig Brattberg, akasoma pendekezo: ruzuku, hiari, tathmini baada ya miaka kumi. Kisha akauliza, kama ilivyo desturi, "Je, tunaafikiana hivyo?"

Anayenyamaza hapo amekubali. Ristin alimtazama Torbjörn. Torbjörn, mwoga yule, alikuwa akiokota makombo ya andazi kwenye shati. Ristin akangoja, maana ndivyo alivyofunzwa tangu shuleni, kungoja zamu. Alipofungua mdomo, nyundo ikalia.

"Nilikuwa na neno," alisema.

"Jamani, Ristin, si ungesema mapema, mpenzi?" Solveig alicheka kwa upole. "Tumeshapita hapo."

Ukumbini Torbjörn hakumtazama usoni. "Upepo umegeuka. Lakini wamenipa nafasi kwenye ile tathmini. Tutawabana humo."

"Baada ya miaka kumi? Torbjörn, huna haya!"

"Na wewe je? Mdomo si ulikuwa wako?"

Neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Mchana Ante akapiga simu. "Dada, redioni wanasema wataalamu wote wameafikiana, hata mmoja hakupinga. Nimewaambia wenzangu hao ni waongo, dada yangu yumo mle. Ulisemaje?"

"Nilingoja zamu yangu, Ante."

Ante hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Haya," akasema. "Ngoja nikawatupie nyasi kulungu hawa waliobaki."