Namba za Simu Kwenye Geti

Maximilla alikuwa ameishi mtaa wa Munyaka, mjini Eldoret, miaka ishirini na sita, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Mwaka jana aliteleza katika bafu lililoko uani akavunjika nyonga. Alilala pale kwenye simiti tangu asubuhi hadi Nyaguthii, jirani mwenye duka, aliposhangaa kuona adhuhuri imefika naye hajaja kuchukua maziwa, akaenda kumtafuta.

Alipotoka hospitali, binti yake Ashley alikuwa tayari amempatia fleti katika jengo analoishi yeye mwenyewe. Ilikuwa ya chini kabisa, choo ndani, maji moto ukifungua mfereji.

"Mum, hapo hutahangaika," Ashley alimwambia.

"Na Ronnie?"

Ronnie ndiye kifungua mimba wa Maximilla. Miaka tisa iliyopita aligombana na babake kwa sababu ya kuacha chuo, akabeba begi moja, akasema anaenda Juba kutafuta kazi. Baada ya miezi mitatu simu yake ikazimwa. Babake alizikwa yeye hayuko.

"Anajua hapa Munyaka tu," Maximilla alisema. "Hata namba yangu nilibadilisha simu ilipoibiwa. Akuje apate kufuli?"

"Mum, ni miaka tisa."

"Najua kuhesabu."

Walikubaliana ajaribu mwezi mmoja. Maximilla alienda akiwa na hakika kwamba ataichukia fleti, lakini wiki ya pili alijikuta akioga maji moto huku akiimba, akanyamaza ghafla kwa aibu. Mchana alikaa karibu na mlango. Kule Munyaka alikuwa akimtambua mtu kwa mlio wa miguu kabla hajabisha, na Ronnie alizoea kuburuta ndala ya kushoto. Hapa viatu viligonga vigae vya korido, vikapita, wala hakuna vilivyosimama.

Mwezi ulipoisha daktari alisema wazi kwamba nyonga haitarudi kuwa kama zamani. Siku iliyofuata Ashley alimpeleka Munyaka kuchukua vyombo, moyoni akijiandaa kwa ubishi. Maximilla aliingia chumba cha Ronnie, akaketi kitandani. Mashuka yalikuwa safi. Miaka yote hiyo aliyafua kila Ijumaa. Aliyashikashika kwa muda mrefu.

"Nitahama," alisema hatimaye. "Lakini ninunulie rangi nyeupe na brashi."

Ashley alileta stuli, akamshikilia mamake kiunoni alipokuwa akiandika kwenye geti, herufi moja baada ya nyingine: RONNIE, NIKO ELDORET HAPA HAPA. PIGA SIMU. Chini yake akaandika namba yake.

Ashley alisoma. Alipomaliza, alimketisha mamake, akachukua brashi, akaongeza namba yake mwenyewe. Saba ilifanana na moja, ikabidi airudie.

"Kumbe na wewe," Maximilla alisema.

"Ni ndugu yangu, Mum."

Walimwachia Nyaguthii ufunguo.

Tangu siku hiyo Maximilla hupigiwa simu na watu asiowajua. Wengi huuliza kama nyumba inakodishwa. Mwingine alitaka kumuuzia tangi la maji. Yeye hupokea zote haraka, huku jina la mwanawe likiwa tayari mdomoni.

Jumamosi iliyopita, wakiwa mezani, simu ililia. Maximilla aliitika, akasema haloo mara tatu, kisha simu ikakatwa. Alipojaribu kuipiga namba ile, haikupatikana.

"Nani?" Ashley aliuliza.

"Hakuongea. Alikuwa anapumua tu."

"Alipumuaje?"

"Kama mtu anayetaka kuongea."

Ashley aliacha kula. Alitoa simu yake mfukoni, akaangalia kama imeshika mtandao, akaiweka kando ya ile ya mamake. Walikaa hivyo, chai ikapoa, jirani wa juu akiburuta viti, nao wakiwa wameegemea meza wakizitazama simu zile mbili.