Mwaka Niliokwama Ndani ya Pipa

Shambani kwetu, karibu na mto Vardar, mapipa ya divai yalisafishwa na watoto. Mtu mzima hakuweza kupita kwenye kidirisha kidogo kilichokuwa chini ya kila pipa. Kila Septemba, kabla ya kuchuma zabibu, mimi na mdogo wangu Ljupka tuliingia kwa zamu na brashi na mshumaa. Tuliufanya mchezo: mmoja akiimba ndani, mwingine akipiga mbao kwa nje.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili niliingia kwa shida, Ljupka akinisukuma huku akicheka. "Dada, umeota matako kama ya Bibi."

Nilisugua machicha ya mwaka uliopita hadi mikono ikawaka moto. Wakati wa kutoka ndipo nilipokwama. Kichwa na mabega vilipita, nyonga zikagoma. Mbao zilinichuna ngozi, nikarudi ndani.

Baba alikuja, akachungulia. "Tulia basi. Na kwa kuwa umo humo, malizia kusugua kule juu."

Walinipaka mafuta ya nguruwe, hayakusaidia kitu. Mshumaa ukazimika, harufu ya divai iliyochacha ikaanza kunizungusha kichwa. Nikamsikia Baba akimnong'oneza mama yake, Bibi Stojna: "Asile kitu. Kesho atakuwa amepungua, atatoka mwenyewe."

"Na asipotoka?"

"Mama, pipa hili alilitengeneza baba yako. Na zabibu tunaanza keshokutwa. Nikilivunja nitatia wapi?"

Nililia kimya kimya, nikiogopa kwamba nikipaza sauti nitaimaliza hewa.

Nikasikia nyundo. Bibi aliigonga pete ya kwanza ya chuma iliyozifunga mbao, akaigonga ya pili, akihema, huku Baba akisema "Mama, Mama," bila kuthubutu kumshika mkono. Mbao zikaachana, jua likanipiga usoni.

"Toka, mjukuu wangu," akasema. "Nenda ukaoge."

Baba hakunisemesha mpaka mavuno yakaisha. Zabibu zilizokosa pipa ziliozea kwenye masanduku, nasi tukazibeba kuwapelekea nguruwe.

Mwaka uliofuata lilikuwa limebaki pipa moja tu, na aliyeitwa ni Ljupka. Nilimwambia akatae.

"Nikikataa ataingia nani?" akauliza, akavua viatu.

Nilikaa chini kando ya kidirisha, nikapitisha mkono ndani. Kila baada ya muda aliugusa kwa vidole vilivyolowa, kisha akaendelea kusugua, mpaka akamaliza.