Bi Harusi Aliyekataa Konokono

Myrto alipokubali kwenda kutumia likizo yake ya Agosti kwa wakwe zake kule Krete, aliweka sharti moja tu: Sifis, mume wake, awaambie wazazi mapema kwamba mkewe hali nyama wala samaki, hali yai wala jibini, na maziwa hanywi. Sifis akasema sawa. Kwenye meli kutoka Pireo Myrto alimuuliza tena, na Sifis, macho kayakaza baharini, akasema mambo yote yameshapangwa. Myrto alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke wa mabega mapana na sauti inayofika mwisho wa bwawa bila filimbi, na hakuwa na kawaida ya kuuliza jambo mara tatu.

Kumbe Sifis hakuwa amesema neno. Alichofanya ni kuangalia kalenda. Walifika kijijini siku ile ulipoanza mfungo wa Bikira Maria, ambao unashika nusu ya kwanza ya Agosti, hailiwi nyama, samaki, yai wala maziwa, na mama yake, Garifalia, hakuwahi kuuvunja tangu usichana wake. Basi mezani siku hiyo walikuta bamia zilizopikwa kwa nyanya, mchicha wa kuchemsha uliomwagiwa mafuta ya zeituni na ndimu, kunde zilizochanganywa na vitunguu vibichi, na mkate uliotoka kwenye tanuri asubuhi. Myrto alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. Moyoni akasema, nilimdhania mume wangu vibaya.

Baba mkwe, Manousos, alikuwa mfugaji wa mbuzi, mzee mwenye masharubu mazito na mwendo wa mtu ambaye kila njia anapita peke yake. Yeye mfungo alikuwa anaushika nyumbani tu. Kule juu mlimani, kwenye zizi lake, alikula jibini kama kawaida, na kijiji kizima kilijua, na Garifalia pia.

Mambo yalianza kwenda upande siku Garifalia alipokaanga konokono kwa siki na majani ya rozimari. Konokono hana damu, kwa hiyo mfungo haumkatazi, na kwa watu wa Krete hicho ni chakula cha kumkaribishia mgeni unayempenda. Myrto alisukuma sahani polepole.

"Niwie radhi, mama. Hawa sili."

"Hata konokono?" Garifalia aliuliza.

"Hata konokono. Si kwamba umepika vibaya, harufu yake nzuri. Ila mimi sili kiumbe chochote."

Garifalia aliweka kijiko chini, akamtazama kwa macho yaliyoanza kulowa. "Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Mfungo ukiingia hagusi hata pweza. Sikujua huko Athene bado wapo."

Myrto akamgeukia Sifis. Sifis alikuwa anakata mkate kwa uangalifu mkubwa, kama anayempasua mgonjwa.

Mchana, wakati kijiji kizima kimelala, Myrto alimbana chumbani.

"Hukuwaambia."

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Wakati mzuri ulikuwa Aprili, nilipokubali kuja."

"Myrto, baba ni mtu wa mbuzi. Nyumba hii imejengwa kwa mbuzi, mimi nimesomeshwa kwa mbuzi. Nimwambie nini? Acha sikukuu ipite."

"Lala usingizi wako," Myrto akasema. "Nitasema mwenyewe."

Akasema kweli. Jioni ile ile alimfuata mama mkwe jikoni, wakakaa wakijaza wali na mnanaa ndani ya maua ya maboga, akamwambia waziwazi: "Mama, nisikudanganye. Mimi sifungi. Hivi ndivyo ninavyokula siku zote, mwaka mzima."

Mikono ya Garifalia ilisimama. "Mwaka mzima," alinong'ona. Kisha akafuta vidole kwenye aproni, akatoka, akavuka njia kwenda kwa jirani yake Evanthia, na kesho yake asubuhi habari ilikuwa imefika duka la mkate: mke wa Sifis anafunga mwaka mzima, na kwa unyenyekevu wake mwenyewe anakana.

Tangu hapo Myrto hakupata nafasi ya kusema tena. Wanawake walisimama kumpisha. Evanthia alimwomba amkumbuke kwenye sala mwanawe aliyefeli mtihani wa udereva. Ikafika sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana, siku pekee ndani ya mfungo ule ambayo samaki anaruhusiwa, kila nyumba ikanukia chewa wa chumvi wa kukaanga, na Myrto akala bitiruti za kuchemsha na kitunguu saumu kilichopondwa na mkate. Kijiji kikashika mdomo. Hata watawa wa monasteri ya bondeni, watu walisema, siku hiyo wanakula.

Aliyefurahi kuliko wote ni Manousos. Yeye hakuwa mtu wa kanisa, lakini kuwa na mtakatifu ndani ya nyumba ni jambo lingine. Kwenye mgahawa wa kahawa alikaa ameegemea nyuma, akawaambia wenzake: "Wake wa wanenu wakija likizo wanaanikwa ufukweni kama pweza. Bi harusi wa nyumba yangu mimi, hata konokono hagusi."

Siku mbili tatu kabla ya sikukuu yenyewe, ile ya Kulala kwa Bikira Maria inayofunga mfungo, Padri Neofitos alikuja nyumbani. Walikaa uani chini ya mzabibu, Garifalia akaleta kahawa. Padri alikuwa na ombi. Kila mwaka wanawake hulipamba kwa maua jeneza dogo la mfano la Bikira Maria kabla ya maandamano, na bibi aliyekuwa akiwaongoza sasa amelala kitandani hawezi. Wanawake wamekaa, wamekubaliana, jina ni moja.

Manousos alisokota sharubu. Garifalia alishika mkono wa Myrto. Sifis alikumbuka ghafla kuna bomba la kurekebisha, lakini kabla hajainuka Myrto akamwambia, "Kaa."

Kisha akamgeukia padri. "Padri, heshima hiyo mpe mwingine. Mimi kanisani naenda Pasaka na harusi za watu. Nyama sili kwa sababu sitaki mnyama afe kwa ajili ya tumbo langu, basi. Ndivyo ilivyo kwa samaki, kwa maziwa, kwa vyote. Nilimwambia mama, hakunielewa. Na huyu hapa alikuwa awaambie tangu Aprili."

Paka alipita ukutani, wote wakamtazama kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Mwaka mzima?" padri akauliza.

"Mwaka mzima, na ujao pia."

"Na ukisafiri hupati shida?"

"Kwingine nimepata. Nimeshalala hoteli ya bei mbaya nikapewa kachumbari asubuhi na jioni, na mpishi akaniona mgonjwa. Lakini hapa? Toka nifike nimekula vizuri kuliko popote. Meza ya mama naikalia bila kuuliza swali."

Padri alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Kwa hiyo unafunga kuliko mimi, na sala husali," alisema. "Hili inabidi niende nikalifikirie." Akacheka kidogo, akaaga.

Manousos hakucheka. Alichukua fimbo yake akapanda mlimani, usiku ule akalala zizini. Kesho yake alipoteremka kupitia mgahawa, wenzake walikuwa wanamsubiri, habari wameshaipata.

"Manousos, mtakatifu wako hajambo?"

"Leo kafanya muujiza gani?"

"Waulizeni mbuzi wake. Sasa wana wakili."

Manousos alinunua tumbaku akarudi alikotoka.

Garifalia alisema mwacheni, hasira yake ina njia yake. Sifis alisema hivyo hivyo. Myrto alivaa viatu vya kupandia, akajaza chupa ya maji, akaenda. Hakuwa anakwenda kuomba msamaha, maana hakuona kosa lake. Alikwenda kwa sababu mzee amedhalilishwa mbele ya watu, na hilo halikuwa haki yake.

Alimkuta anakamua. Manousos hakuinua kichwa.

"Umekuja kuwafungulia?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukwambia sikukudanganya."

"Umenifanya kichekesho."

"Aliyekufanya kichekesho ni mwanao, alinyamaza. Na wewe mwenyewe, uliyenitangaza mgahawani bila kuniuliza."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Mzee alimaliza mbuzi yule, akampiga kofi la upole kiunoni, akavuta mwingine. "Sema kweli," alisema. "Unaniona muuaji?"

Myrto alikaa juu ya jiwe. "Namwona mtu anayejua kila mbuzi kwa jina lake, kisha anamchinja. Mimi siwezi, wewe unaweza. Mjini watu wanakula nyama ya mnyama ambaye hawakuwahi hata kumwona. Nikichagua wa kugombana naye, sitaanza na wewe. Sitakuja mezani kwako kukuhubiria. Na wewe usinitilie supu ya nyama kwenye maharage yangu."

"Sijawahi kukutilia."

"Mama kaniambia ulitaka."

Manousos alimtazama mbuzi, sikio la kushoto, kisha la kulia. "Kijiko kimoja tu," alisema. "Ulionekana umekonda."

Myrto alicheka, akanyoosha mkono wake mmoja, wenye msuli wa mtu anayeogelea kila siku. Mzee aliuangalia mkono, akaguna. Walishuka pamoja wakati jua linakuwa kali, yeye kabeba ndoo moja na Myrto nyingine, na walipopita mbele ya mgahawa Manousos alitembea katikati ya njia kama siku zote. Mmoja wa wale wenzake alifungua mdomo. Alipoona ni nani kabeba ndoo ya pili, akaufunga.

Sikukuu ilipofika, masufuria makubwa yaliwekwa nyuma ya kanisa juu ya kuni za mzeituni. Manousos ndiye mpishi wa pilau ya kijiji, wali unaopikwa ndani ya supu ya mbuzi hadi unakuwa mzito, na ni fahari yake kwamba hakuna mtu aliyewahi kuondoka sikukuuni bila kuuonja. Myrto, aliyekuja na kapu lake la majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, alimkuta ameinama pembeni anasugua sufuria ndogo kwa majivu na ndimu. Aliisugua, akainusa, akaisugua tena.

"Haijawahi kupikiwa nyama?" Myrto akauliza.

"Ni mpya. Nasugua ili usinisumbue." Akatia maji, akatia mchele, akatia chumvi, akasimama juu yake mikono kiunoni. Ulipoiva akaonja, uso ukakunjamana. "Bi harusi, njoo. Hiki si chakula."

Myrto alionja. "Kweli si chakula. Umeupika kama unamchukia mtu. Nipe vitunguu."

Walikata vitunguu vingi, wakavikaanga kwa mafuta ya zeituni hadi vikawa rangi ya asali, wakasaga nyanya, wakatia mdalasini kidogo na maji ya ndimu, wakaanza na mchele mwingine. Mzee alikuwa akipokea amri bila kubisha, ila kila baada ya muda alisema, "Na ungetia kipande kimoja tu," na Myrto akasema, "Hapana," na kazi ikaendelea.

Sufuria ile ndogo ilifunguliwa pamoja na kubwa. Wa kwanza kuja alikuwa Evanthia, aliyesema daktari kamkataza mafuta ya nyama. Kisha vijana wawili wasiokula nyama, walio likizo kutoka Ujerumani, waliokuwa wameshakata tamaa na sahani zao za mkate mtupu. Kisha Padri Neofitos, kwa udadisi. Manousos akaanza kuwafukuza kwa mwiko: "Huu wa bi harusi. Nendeni kwenye nyama zenu."

Garifalia alipita katikati yao, akachota sahani iliyojaa kutoka sufuria ndogo, akaketi kwenye benchi, akala.

"Na wewe?" Manousos akasema. "Mfungo umekwisha. Nyama ile pale."

"Nyama ya mbuzi sijawahi kuipenda," Garifalia akasema, huku akitafuna.

Mwiko ulibaki hewani. "Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza."

Manousos alisimama akimwangalia mkewe, ambaye aliendelea kula bila haraka. Halafu akasogea, akamwongezea vitunguu juu ya wali wake, vile vilivyokaangika vizuri zaidi, akakaa kando yake na sahani yake ya nyama. Myrto alijipakulia kilichobaki, akamwita Sifis aje kusugua masufuria.