Mawe Arobaini na Matatu

Jumapili tarehe 4 Mei, saa 1:10 asubuhi, rimu ya lori, kengele ya kanisa, ilionekana lakini tawi linaloishikilia halikuonekana. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kabla ya jua. Kutoka mlangoni mwa kanisa mtu aliona hatua kumi na mbili tu. Simioni Mogesi, katekista wa mtaa huu mdogo wa Kianglikana huko Nyanungu, alikuwa amezipima hatua hizo kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akaigonga rimu kwa nondo mara tatu, na mlio ukaondoka taratibu, kama kitu kinachozama majini.

Watu walitokea mmoja mmoja. Kwanza ilionekana kanga, halafu uso. Ng'ombe wanne wa jirani walipita kati yao bila kuonekana miguu, wakaingia tena katika weupe. Kila aliyefika aliinama kando ya mlango na kuweka jiwe.

Mawe hayo yalikuwa ya msingi wa kanisa jipya. Utaratibu ulianza miaka mitatu nyuma: kila mwenye kipaimara aje na jiwe moja la kujaza kiganja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Kasisi anapokuja kuandaa Meza ya Bwana. Jumapili nyingine Simioni huongoza ibada peke yake, bila mkate wala divai. Mawe yalimsaidia pia kwa jambo la pili. Hapa watu hawapendi kuhesabiwa. Mwaka wa kwanza alijaribu kuwahesabu kwa kidole akiwa mbele. Wanawake wakawafunika watoto kwa kanga, na Mokami, mjane wa miaka sabini na minane, akachukua kigoda chake akaenda nyumbani. Tangu hapo Simioni alihesabu mawe. Daftari la ibada lilionyesha arobaini na matatu karibu kila mwezi.

Saa 3:40 pikipiki ilisikika ikipanda. Kasisi Ezekiel Ouko alivua koti la mvua, akafungua kikasha cha mikate midogo ya duara. Ilikuwa arobaini na mitatu, kwa mujibu wa daftari.

"Kuna barua ya dayosisi," alimwambia Simioni. "Kuanzia Julai, mtaa wenye washiriki chini ya arobaini utapata Meza ya Bwana mara moja kwa miezi mitatu. Hesabu nitaichukua tarehe moja Juni. Nyinyi hamna shida."

Baada ya ibada Kasisi alisimama nyuma ya meza akila mikate iliyobaki, kwa kuwa ikishabarikiwa hairudi kikashani.

"Kumi na sita," alisema. "Kila mwezi kumi na sita. Nimehubiri mara tatu kwamba hakuna anayestahili kwa nguvu zake, na bado watu kumi na sita wanaona haya kuja mezani. Mimi nimeshajua kutafuna, Simioni, lakini siyo kazi niliyosomea."

Simioni hakucheka. Asubuhi ile, akiwa amesimama kando ya rimu, alikuwa amemwona Mokami akiinama kwa shida, mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka kama fimbo. Aliweka jiwe. Akaweka la pili, kisha la tatu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Umoja wa Akina Mama ulikutana nyumbani kwa Mokami. Walikuwa wamesali, wamemtembelea mzazi mmoja, na uji ulikuwa ukigawiwa Simioni alipofika.

"Simioni," Mokami alisema, "umekuja kutuhesabu au kunywa uji?"

"Shikamoo mama. Uji kwanza."

"Marahaba. Mpeni kikombe kikubwa. Mwenye hesabu hunywa polepole."

Simioni aliuliza moja kwa moja kuhusu mawe matatu.

"Moja langu," alisema Mokami. "Moja la Boke. Moja la Wangwe."

Boke ni binti yake, anayeuza nguo Isebania, upande wa Kenya.

"Boke hayupo hapa, mama."

"Najua aliko. Nilimzaa."

"Na mzee wako, Wangwe, alifariki mwaka 2019."

"Ndiyo maana hawezi kulibeba mwenyewe."

Wanawake walicheka. Veronika, mwenyekiti wao, alifuta mdomo. "Mimi naweka mawili. Langu na la mume wangu Daudi, si yuko machimboni Geita? Kwani wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani kila jiwe ni mtu aliyekuja."

"Simioni, wewe umelelewa hapa kweli? Kwenye risaga tunafanyaje?"

Alijua wanachofanya. Risaga ni kazi ya kulimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nyumba hupeleka jembe la kila mtu wake, hata la aliye safarini. Jembe lake huegemezwa mwanzoni mwa mstari, na wenzake humlimia. Nyumba isiyopeleka husemwa. Alikuwa amelijua hilo tangu utotoni, na kwa miaka mitatu hakulihusisha na mawe.

Aliporudi kanisani jua lilikuwa limetoka lakini bonde bado lilikuwa limejaa weupe. Lundo lilifika kifuani. Alisimama mbele yake kwa muda asioupima. Mawe yalikuwa yamelowa na yalikuwa na rangi tofauti, mengine ya mtoni, mengine ya shambani, na haikuwezekana kujua lipi lililetwa na nani kwa ajili ya nani.

Tarehe 1 Juni ukungu ulikuwa mzito kuliko wa Mei. Waliimba wimbo wa kwanza mlango ukiwa wazi, na sauti zao zikarudi kutoka mlimani zikiwa nyingi zaidi, kana kwamba kulikuwa na ibada ya pili huko juu. Hili linaelezeka, kilima kina ukuta wa mwamba. Simioni alisimama kando ya meza akihesabu mikono iliyopokea, macho yakiwa chini ili asionekane. Ilikuwa ishirini na saba, pamoja na yake.

Nje, Kasisi alitandaza fomu juu ya kiti cha pikipiki.

"Arobaini na watatu?"

"Hayo ni mawe, mchungaji. Watu ni ishirini na saba." Akamweleza.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwabembeleza waje mezani watu walioko Geita," alisema Kasisi.

"Na wengine waliokufa."

"Hao nao." Alitazama mlangoni, ambako Mokami alikuwa akishushwa ngazi na Veronika. "Kutoka hapa hadi kanisa mama ni kilomita kumi na moja, na mto. Yule hafiki. Fomu inauliza idadi iliyo katika daftari, Simioni. Daftari ni lako."

Simioni alichukua kalamu akaandika 27 kwa mkono wake. Kasisi akatia sahihi.

Habari zilimfikia Mokami kabla hajafika kwake. Simioni alipomfuata alimkuta amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele.

"Umewafukuza watu kumi na sita," alisema, "na hata sauti hukupandisha."

"Nimeandika waliokuwepo, mama."

"Nilipata kipaimara mwaka sabini na moja. Sijakosa mwezi, hata nilipokuwa na uchungu wa Boke nililetewa. Sasa nikae mpaka Septemba?"

Simioni alipofika nyumbani alilirudia neno moja katika maneno ya mama huyo: nililetewa. Alifungua kitabu cha ibada kurasa za wagonjwa, ambazo hakuwa amezisoma kwa miaka. Asiyeweza kutembea hufuatwa nyumbani. Anachotakiwa ni kumjulisha kasisi mapema, na kusema ni wangapi watakaoshiriki pamoja naye, kwa maana mgonjwa hali peke yake. Barua ya Mei haikugusa wagonjwa.

Alirudi kwa Mokami siku ya pili na karatasi.

"Mguu wako unahesabika kuwa ugonjwa," alisema.

"Umechelewa kuujua."

"Kasisi atakuja kwako kila mwezi. Lazima nimwandikie wangapi watashiriki nawe."

"Watu wa nyumba yangu."

"Wangapi, mama?"

"Mungu anawajua."

Simioni aliandika maneno hayo mahali pa namba, kama alivyoyasikia.

Jumapili tarehe 6 Julai, saa 1:05 asubuhi, rimu haikupigwa. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikuwa umelala hadi usawa wa paa, kiasi kwamba nyumba ya Mokami ilionekana kama bati peke yake linaloelea. Watu walikuja hata hivyo. Wakifika langoni mwake waliinama, wakaweka mawe. Simioni alisimama kwa ndani. Mokami aliweka mawe mawili. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye koti la safari, aliyevuka mpaka hapo Sirari jana yake, akaweka moja.

"Boke," alisema Simioni.

"Shikamoo, katekista. Niliambiwa jiwe langu limekataliwa."

"Marahaba. Halikukataliwa. Lilihitaji kuletwa."

"Basi, limefika," alisema Mokami. "Pisha mlango."

Saa 3:45 Kasisi Ouko alifika, akaweka kikasha juu ya meza ya kulia chakula. Kilikuwa na mikate ishirini na saba, kwa mujibu wa fomu. Aliwatazama waliojaa sebuleni, na waliosimama uani ambao ukungu uliwaonyesha nusu nusu.

"Hawa wote ni wa nyumba yako, mama?"

"Ndiyo."

Aliwapa kwa zamu, Mokami kwanza. Nje ya lango kulikuwa na mawe arobaini na matatu. Saa 4:25 Kasisi alivunja mkate wa mwisho vipande viwili, akampa Boke kimoja na Simioni kingine.